Nusu ya Hadithi ya Homa ya Manjano

Mimi ni mtu wa shaka. Sijui nilizaliwa nayo au niliinyonya, maana mama yangu, Mungu amrehemu, hakununua samaki bila kumfunua mashavu, na hata akishamfunua alirudi nyumbani akinung'unika kwamba amepunjwa. Walipokuja watu wa afya shuleni kwetu Mombasa na masanduku yao ya barafu, niliruka ukuta nikakimbilia nyumbani. Mama za wenzangu waliwarudisha wana wao kwa fimbo. Wangu alinifungia chumbani akaniletea mkate wa mofa. "Mtu hakujui jina, hamjui baba yako, akupe dawa bure? Ana lake huyo," akasema. Nikakua nikijua kwamba kila anayekuja na sindano ana lake.

Kwa hiyo mwaka 2009, wakala aliponikabidhi bahasha ya safari ya Qatar, nikakuta ndani yake tiketi, viza na kadi ya njano yenye jina langu, tarehe, muhuri na sahihi ya daktari nisiyemjua, sikuuliza kitu. Kadi ile ndiyo inayothibitisha kwamba umechanjwa homa ya manjano, na mtu wa kwetu anaweza kurudishwa uwanja wa ndege kwa kuikosa. Mkono wangu haukuwa umeguswa na sindano yoyote. Wakala aliniona nikiigeuza geuza akaniuliza, "Una haraka au huna?" Nikamwambia ninayo. Tazama ajabu hiyo: mimi ninayeshuku hata chumvi ya dukani, karatasi ile ya uongo sikuishuku hata chembe. Nilifurahi wallahi, nikaona nimemshinda mtu.

Kazi niliyopata Doha, baada ya kuhangaika huku na huku, ilikuwa kuendesha basi dogo la wauguzi wa zahanati moja ya binafsi kule Muaither. Wauguzi walipangishiwa ghorofa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la vitambaa. Asubuhi niliwachukua, jioni nikawarudisha, kisha nikageuza gari kurudi Muaither, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaa hukohuko, katika villa moja kuukuu iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Wauguzi wa Kifilipino waliniita Kuya, wa Kihindi waliniita Bhai, yote mawili maana yake kaka, na mudiri, yule meneja wetu, aliniita "wewe". Safari moja ilikuwa dakika arobaini foleni ikiwa na huruma, na saa nzima tangu walipoanza kuchimba barabara kwa ajili ya metro.

Kiti cha mbele, pembeni yangu, kilikuwa cha Mkenya mmoja wa Nyeri, muuguzi wa chumba cha chanjo. Sote tulimwita Sista. Alikaa pale kwa sababu ya Kiswahili tu. Alisema huko nyuma kila mtu anaongea lugha yake na yeye mdomo unamwasha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye kusoma sana, na mwenye macho ya kukutazama mpaka ukajikagua vifungo vya shati. Sikumwamini. Mtu gani anakuletea andazi kila Jumatatu bila kutaka kitu?

Chumbani Muaither tulikuwa sita. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Mganda mmoja, mlinzi wa jumba la maduka, tuliyemwita Afande. Kiswahili chake alikipata jeshini, kama wengi wa kwao wa umri wake, kwa hiyo hata akikuomba chumvi ungedhani anakukamata. Lakini moyo wake ulikuwa mwororo kama uji. Kila Ijumaa asubuhi, akipiga pasi sare yake, alimpigia simu binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa akilelewa na bibi yake kijijini, akaweka simu kwenye spika na kumtahini hesabu za kuzidisha. Chumba kizima tulimjua mtoto yule. Akikosea jedwali la saba tulicheka. Akipatia, Mghana wa kitanda cha juu alipiga makofi mpaka mbao zikatikisika. Afande hakuwa amemtia machoni kwa miaka mitatu. Yeye aliniita Mswahili, na aliniamini. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lenye uzito katika haya yote: aliniamini.

Mwaka 2016 homa ya manjano ikazuka Angola, na baada ya muda tukasikia imeingia Uganda, na katika wilaya zilizotajwa mojawapo ni ya kwao Afande. Zahanati ikataka kadi za chanjo za wafanyakazi wote, hata sisi madereva, na Sista ndiye aliyepewa kuzikagua. Nikatoa yangu kwa kujiamini kabisa. Kesho yake asubuhi Sista akapanda gari, akafunga mkanda, akangoja wenzake wa nyuma waanze soga zao, ndipo akasema polepole, "Kaka, wewe ulichanjwa Jumapili?"

Hapa Doha Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu. Mtu mwingine yeyote ofisini asingeshtuka. Alishtuka yeye kwa kuwa ni wa kwetu, na anajua kwamba kituo kilichoandikwa kwenye muhuri ule Jumapili kinafungwa kwa kufuli.

"Nilichanjwa siku hiyo," nikasema.

"Na nani?"

"Daktari."

"Alikuuliza kama unakula mayai?"

Mayai yanahusu nini? Nikajua nimenaswa, nikaanza kupiga hesabu: atamwambia mudiri leo, kesho nitaitwa, keshokutwa nimo ndani ya ndege. Sikulala vizuri siku mbili. Lakini mudiri hakuniita. Kadi yangu ilibaki kwenye mkoba wa Sista, na hilo likanitia hofu zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu alikaa kiti cha mbele.

Siku ya tatu akaanza. "Nitakueleza kwa nini wanauliza mayai," akasema, "halafu utaamua mwenyewe." Na ndivyo alivyonisimulia historia ya chanjo ile, kipande asubuhi na kipande jioni, kati ya Bin Mahmoud na Muaither. Alisimulia vizuri, sikatai. Mimi niliisikiliza kama askari anayesikiliza mshukiwa, nikingoja ateleze.

Alisema zamani, enzi za wakoloni, kulikuwa na bwana mmoja wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliyeugua homa ya manjano. Watafiti wakachukua damu yake wakamchoma nayo kima aliyeletwa kutoka India. Kima akafa. Yule bwana akapona.

"Alilipwa nini?" nikauliza.

"Sijasoma popote kwamba alilipwa."

"Aliombwa ruhusa?"

"Hilo pia sijui, kaka. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya. Ninachojua, virusi vilivyotoka kwenye damu yake viliitwa kwa jina lake, na hadi leo vinaitwa hivyo."

"Ala! Yaani wamemchukulia damu, halafu jina lake wakalibandika kwenye ugonjwa?"

"Ndivyo," akasema, bila kujitetea. Ningependa ajitetee, ili nipate pa kumshika.

Jioni akaendelea na mtaalamu mwenyewe. Alizaliwa Afrika Kusini, mwana wa daktari wa mifugo mwenye asili ya Uswisi. Akasomea udaktari Uingereza, kisha akaenda Marekani kufanya utafiti. Wenzake walitumia kima, ambao ni ghali na wachache. Yeye akasema panya watafaa, na wakubwa wakamcheka. Akawa anawachoma panya kwenye ubongo. Homa ikampata yeye mwenyewe humo maabara, akaugua, akapona. Wengine walioutafiti ugonjwa ule Afrika Magharibi hawakuwa na bahati hiyo. Waliufuata wakafa nao. Baada ya hapo akachukua virusi vya yule bwana wa Gold Coast akavikuza kwenye nyama ya vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai. Akavihamisha, akavihamisha tena, zaidi ya mara mia. Na humo katikati, siku moja isiyojulikana, virusi vikapoteza ukali. Vilibaki hai, lakini havikuua tena.

"Nani alivifundisha adabu?"

"Hakuna aliyeona vilivyobadilika. Waliona tu vimebadilika."

"Sista, unataka kuniambia watu wanachomwa kitu ambacho hata mwenyewe aliyekitengeneza hajui kilifugika vipi?"

Akacheka mpaka wale wa nyuma wakauliza kuna nini. "Ndiyo maana tunauliza mayai," akasema. "Asiyeweza kula mayai inaweza kumdhuru."

"Na yeye alipata nini, huyo bwana wa panya?"

"Tuzo kubwa kabisa ya tiba duniani. Lakini hakutajirika nayo."

Nikaguna. Mtu apewe tuzo ya dunia nzima, na yule mwenye damu asipewe hata kilo ya sukari. Nilimwambia hivyo, akasema nina haki ya kukasirika, naye hukasirika pia, lakini hasira ni kitu kimoja na mbu ni kitu kingine. Mbu hajui nani alipewa tuzo.

Wiki hiyo Afande akapata likizo. Mwezi mzima nyumbani, safari Jumanne, si ya wiki iliyofuata bali ya wiki baada yake. Alicheka peke yake kama mtoto. Alikuwa amenunua begi la shule la waridi, akalilaza kitandani mwake kama mgeni, yeye akajibana pembeni. Nilipomtajia Sista, aligeuka mzima mzima kwenye kiti.

"Anakwenda wilaya ile? Amechanjwa?"

"Ana kadi," nikasema.

"Kadi kama yako?"

Nikakaza macho barabarani, naye akapata jibu. Akaniambia chanjo huchukua siku kumi kukomaa mwilini, kwa hiyo Ijumaa ya wiki hii ndiyo siku ya mwisho itakayomfaa. Akampangia nafasi Ijumaa alasiri. "Na mwambie hivi, usisahau: wachanjaji wakifika kijijini kwao, yule mtoto awe wa kwanza kwenye foleni. Watafika tu. Ugonjwa ukishaingia, wanachanja wilaya nzima." Nikamfikishia Afande habari ya Ijumaa. Ya mtoto nilisema nitamwambia baadaye, kwa kuwa alikuwa anakimbilia zamu. Afande akakuna kichwa. "Mimi kadi iko. Lakini kama wewe nasema, nitaenda."

Alhamisi jioni, tukirudi Bin Mahmoud, Sista akafika kwenye vita. Alisema wakati wa vita kuu ya pili wanajeshi wa Kimarekani walichanjwa kwa wingi sana chanjo ileile, na baada ya miezi wakaanza kuwa manjano. Macho manjano, ngozi manjano, mkojo kama chai ya rangi. Maelfu wakalazwa, na baadhi wakafa. Mwanzoni watu wakadhani chanjo imewapa homa yenyewe.

Moyo wangu, nakiri, uliruka kwa furaha. Haya! Sasa tumefika! Lisemwalo lipo. Mama yangu aliliona hili bila kwenda shule.

"Sasa kilikuwa nini?" nikauliza, lakini tulikuwa tumefika, na polisi wa trafiki alikuwa ananipungia mkono niondoke. Sista akafungua mlango. "Tutamalizia," akasema, na kunikumbusha, "Ijumaa saa tisa, mlete jirani yako."

Hivyo ndivyo hadithi za garini zilivyo. Gari likisimama, hadithi inasimama. Kwa kawaida hakuna hasara. Kesho unaendelea pale ulipoishia. Lakini mimi sikungoja kesho. Nilirudi Muaither nikapitia kibanda cha chai, nikapiga honi nikaletewa karak, chai yao ya maziwa, dirishani, nikainywa nikijipanga maneno. Nilipoingia chumbani wote walikuwa wanakula. Nikaketi kitandani kwangu nikaanza.

Na mimi nikisimulia nasimulia, msifikiri. Nilianza na yule bwana wa Gold Coast, na Mghana wa kitanda cha juu akashuka chini na sahani yake mkononi. Nilipofika pale pa damu bila malipo akasonya kwa nguvu. Nikaja kwenye panya, kwenye vifaranga, kwenye virusi vilivyotulia bila mtu kujua kwa nini. Nikamalizia na wanajeshi. Niliwafanya manjano kuliko alivyowafanya Sista. "Jeshi la Marekani!" nikasema. "Wenye kila kitu! Wao walichomwa sindano hiyohiyo wakajaa mahospitalini. Sisi watu wa villa ya mbao ni nani?" Mghana akaniita Daktari, na wengine wakalidaka, "Daktari, Daktari," na mimi nikacheka nikionyesha nakataa, lakini jina lilinikaa vizuri.

Afande hakucheka. Alikuwa mwanajeshi, na wanajeshi wale walimgusa. "Amri ilitoka, wakachomwa," akasema. "Mimi najua hiyo. Kwa jeshi hakuna kuuliza." Ijumaa saa tisa alasiri alikuwa amelala akijisomea gazeti la zamani. Sikumwinua wala sikumkumbusha. Sista alinipigia simu mara mbili, sikupokea.

Wiki iliyofuata alibadilishiwa zamu, akawa anakwenda na dereva mwingine. Nilishukuru Mungu. Nilimwona tena Jumamosi, siku tatu kabla ya safari ya Afande. Alipanda, akafunga mkanda, na safari hii hakungoja wenzake waanze soga.

"Kwa nini hukumleta?"

"Hukumaliza hadithi," nikamwambia kwa kiburi. "Ulinificha wale wanajeshi."

"Nilikuficha? Si mimi niliyekwambia?" Akashusha pumzi. "Sikiliza basi mwisho wake. Chanjo ile ilikuwa inachanganywa na majimaji ya damu ya watu, ili isiharibike. Baadhi ya watu waliotoa damu walikuwa na ugonjwa wa ini bila kujua. Ule umanjano ulikuwa wa ini. Homa ya manjano haikuhusika. Walipogundua waliiondoa ile damu, na tangu hapo haijarudishwa. Miaka sabini na zaidi sasa. Na ile chanjo yenyewe, kaka, ya yule bwana wa Gold Coast, ni hiyohiyo mpaka leo. Ukichanjwa mara moja, inakutosha umri wako wote."

Nikawaza: atakosaje kusema hivyo? Kazi yake ni sindano. Lakini safari hii shaka yangu ilikuwa na kilema. Mtu anayetaka kukudanganya angeanza kwa kukwambia habari za wale wanajeshi? Asingewataja kabisa. Nisingewajua maisha yangu yote. Nililijua hilo mikono yangu ikiwa kwenye usukani, na nililijua waziwazi.

"Leo kadi yako inakwenda kwa mudiri," akaendelea. "Ama nikuchanje asubuhi hii na nikuandikie kadi ya kweli, ama niseme nilichoona. Chagua."

Nikachanjwa. Mimi mwana wa mama yangu, niliketi kwenye kiti cha plastiki nikakunja shati, akaniuliza, "Unakula mayai?" nikasema nakula, na ikawa imekwisha kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Aliponibandika plasta akasema, "Jirani yako amechelewa kwa zile siku kumi, lakini mlete hata hivyo, kuchelewa ni bora kuliko kukosa. Na ulimwambia habari ya mtoto?"

"Nilimwambia," nikasema.

Niliibandua plasta ile nje ya geti nikaitupa. Ndani ya chumba nilikuwa Daktari. Ningesimama vipi mbele ya watu watano niseme kwamba hadithi yangu ilikuwa na mkia nisioujua, na kwamba mimi mwenyewe nimetoka kuchomwa sindano ileile asubuhi hii? Wangenicheka mpaka mwaka uishe. Nikajipa sababu: siku kumi zimekwisha pita, sindano haitamfaa tena, kumwambia ni kumtia wasiwasi wa bure tu safarini, na anakwenda mwezi mmoja, mbu wangapi watampata? Yule mtoto sikumfikiria. Nimejaribu mara nyingi kujikumbusha kwamba nilimfikiria, na sikumfikiria. Jumanne nikamsindikiza Afande uwanja wa ndege kwa gari la rafiki yangu, nikambebea lile begi la waridi, akanikumbatia. Kadi yake ya njano ilikuwa mfukoni mwa shati, na hakuna aliyeiuliza.

Mwezi ukaisha hakurudi. Simu ikawa haipatikani. Nikaanza kuogopa, nikamwota ameshakuwa manjano. Kila Ijumaa asubuhi chumba kilikuwa kimya, na Mghana aliuliza, "Daktari, habari za Afande?" Nilimchukia kwa jina lile. Wiki ya sita, siku ya Ijumaa, nimetoka msikitini ninapika wali jikoni, nikamwona anaingia getini na begi lake dogo.

"Afande!" Nilipiga kelele nikaacha mwiko ndani ya sufuria. "Al-hamdulillahi! Mzima? Macho yako nitazame!" Nikamshika kichwa kwa mikono miwili kama mama yangu na samaki wake. Macho yalikuwa meupe. Alikuwa amekonda, lakini mzima. Nilicheka kwa sauti. Nilijiona nimesamehewa, sijui na nani.

Yeye akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mtoto amekufa, Mswahili," akasema.

Alisimulia akitazama sakafu, taratibu, kama anayetoa ripoti ya lindo. Alipofika kwao homa ilikuwa vijiji viwili mbele. Wiki ya pili wachanjaji walikuja sokoni na meza na masanduku, watu wakapanga foleni toka asubuhi. Bibi alikuwa amemshika mtoto mkono, wamebakiza watu wanne tu wafike mezani. Yeye akaenda akawatoa. Bibi akabishana naye, na watu wakageuka kutazama, ndipo akawaeleza. Aliwaeleza yote, kuanzia yule mtu wa Gold Coast, panya, mayai, mpaka jeshi la Marekani. Watu walimsikiliza, yeye ametoka Arabuni, ameona dunia. Familia kadhaa zikaondoka kwenye foleni pamoja naye.

"Wao walirudi kesho yake," akasema. "Mimi sikurudi. Bibi alilia, nikakataa. Nikamwambia mimi iko na rafiki, dereva wa hospitali, yeye anajua."

Mtoto aliugua wiki mbili baadaye. Siku ya tatu akapata nafuu wakadhani amepona, akala, akacheka. Kisha macho yakageuka. Hospitali ya wilaya walimpokea, lakini hawakuwa na la kumfanyia ila maji. Alimzika Jumatano.

Nilikuwa nimesimama. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema pole, nikasema Mungu ndiye ajuaye, nikasema yale yote yanayosemwa. Aliyapokea moja moja, akiitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira. Laiti angenipiga ngumi.

"Mswahili," akasema. "Ile hadithi. Wale askari wa Amerika. Ilikwisha vipi?"

"Vipi, ilikwisha vipi?"

"Kule kwetu daktari wa hospitali aliniuliza. Nikamweleza, akaniuliza, 'Halafu?' Mimi nikakosa jibu. Nikasema nitakuuliza wewe."

Ningeweza kumdanganya. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuanza kujipanga. Lakini alinitazama kwa macho yaleyale ya Alhamisi ile, ya mtu anayengoja kuambiwa, na nikamwambia. Nikamwambia ule umanjano ulikuwa wa ini, ulitoka kwenye damu iliyochanganywa, damu ikaondolewa, na chanjo haikuwa na kosa. Nikamwambia kwamba Sista alinituma nimwambie mtoto awe wa kwanza kwenye foleni. Ilichukua dakika mbili, pengine tatu. Ni nusu fupi sana.

Akaniuliza, "Hii wewe ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Ile kabla hujasafiri."

"Na wewe mwenyewe sindano ulichomwa?"

"Nilichomwa."

"Lini?"

"Jumamosi hiyohiyo."

Wali ulikuwa unaungua, harufu imejaa jiko zima, na hakuna kati yetu aliyeinama kuuepua. Afande aliinuka, akachukua begi lake, akatoka uani. Nilimsikia akimuuliza mlinzi wa villa, kwa Kiswahili chake kile cha jeshini, kama kuna kitanda kitupu chumba kingine chochote.